Jirani kabandika tangazo la kubadili matumizi ajenge ghorofa la wapangaji, mtaa mzima unasaini kupinga. Nisaini au nisisaini? (Mtwara)

Pweza Mkavu
Wakuu salaam. Naombeni mawazo, hasa mlioko Mtwara na mnaoyajua haya mambo ya ardhi.

Huku kwetu Shangani kuna kiwanja kilikuwa na nyumba ya chini ya zamani, mwenyewe alishatangulia mbele ya haki na watoto wakauza. Aliyenunua kabandika tangazo getini kwamba anakusudia kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi ya kawaida kwenda makazi ya watu wengi, anataka kupandisha ghorofa tatu za vyumba vya wanafunzi na wafanyakazi, na mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi kwa mkurugenzi ndani ya muda uliotajwa pale. Basi tangu siku hiyo grupu la mtaa halilali, kuna karatasi inazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi, na mimi nimeletewa nikasema nitasaini kesho, na hiyo kesho bado haijafika.

Shida yangu ni hiyo karatasi yenyewe. Sababu walizoandika: wanafunzi ni wahuni, wataleta wanawake (na wakiwa wa kike wataleta wanaume), watatuchungulia uani, bei za viwanja vyetu zitashuka, maji ya bomba yatapungua presha, karo (shimo la maji taka) litafurika, na wapangaji hawashiriki misiba. Hiyo ya misiba sijui nani kaitia. Mimi kinachonipa tumbo joto ni karo, maana kisima changu kipo upande wa ukuta wake, hayo mengine naona ni kuchukia wapangaji tu. Sasa nauliza, pingamizi likienda hivyo lilivyo lina uzito wowote? Na mtu anaweza kupeleka lake peke yake bila kuingia kwenye karatasi ya mtaa?

Korosho Ghafi
Saini mkuu acha uoga. Ghorofa tatu juu ya ukuta wako, mkeo anaanika nguo, mtu yuko balkoni anakunywa chai anamwangalia. Hapo kuna nini cha kujadili?

Kijana wa Chuo
Kaka Korosho sisi tukinywa chai tunaangalia simu, mkeo hatumjui. Mimi nasoma Mtwara mwaka wa pili, chumba kimoja tunalala watatu na choo tunashea na nyumba nzima, mwenye nyumba akijisikia anazima taa saa nne. Kila tukisikia mtu anataka kujenga vyumba vya maana tunasikia pia mtaa umekataa. Sasa mnataka tulale wapi, ufukweni?

Korosho Ghafi
Mlale chuoni, chuo kijenge mabweni.

Kijana wa Chuo
Sawa, chuo kikitaka kujenga bweni jirani yako utasaini?

Mzee wa Mikindani
Nimecheka. Vijana, hii habari kwamba ghorofa na kuchunguliwa ni mambo mapya Mtwara mmeitoa wapi? Njooni huku Mikindani mtembee kwenye mitaa ya zamani, nyumba za mawe za wafanyabiashara zina ghorofa na balkoni za mbao tangu mababu zenu hawajazaliwa, ukuta kwa ukuta, jirani akipika samaki unajua ni changu au ni tasi. Watu waliishi kwa baraza na pazia, hakuna aliyekufa kwa kuangaliwa.

Huko Shangani nafasi mnayoringia haikuwekwa kwa ajili yenu. Mtwara mjini ni mji wa karanga. Waingereza walipokuja na ule mradi wao wa karanga mwaka 1947 wakaona Lindi bandari yake haitoshi, wakachora mji mpya huku kwenye kina kirefu, bandari ikafunguliwa 1954, reli ikaenda mpaka Nachingwea, na mji ukapimwa kwa barabara pana na viwanja vikubwa, uzunguni kwake, waswahili kwao. Karanga zikafa mapema, mradi ulishafutwa 1951 hata gati halijaisha, reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, yakabaki mabarabara na viwanja. Sasa leo mtu mweusi kama mimi kakirithi kiwanja cha bwana shamba wa kizungu halafu anasema wapangaji wataharibu hadhi ya mtaa, aisee.

Pweza Mkavu
Shikamoo mzee wangu. Umenipiga na mimi humo humo lakini sawa.

Mama Fremu
Mzee historia tumeisikia, ila wewe unaishi Mikindani unasikia upepo wa bahari tu, hujui tunachopitia. Mimi nipo mtaa huo huo wa mleta uzi (nakujua wewe Pweza usijifiche), nimesaini na nitasaini tena. Vyumba vingi ina maana watu wengi, pikipiki zinaingia saa nane usiku, muziki kila wikiendi. Nyumba ni ya familia, mtu analea watoto pale.

Mchanga wa Msimbati
Makelele? Mama samahani, Desemba shule zikifungwa ngoma za unyago zinapigwa mpaka alfajiri mtaa kwa mtaa na hakuna hata mmoja anayeandika barua kwa mkurugenzi. Tena mnatoka mnaenda kutunza.

Mama Fremu
Unyago ni mila, usifananishe na amapiano.

Ramani Mezani
Nimekuwa kwenye kazi za mipango miji muda mrefu, sio Mtwara, ila sheria ni ile ile. Naona mnachanganya mafaili matatu kwenye bahasha moja, ngoja niwatenganishie.

La kwanza ni matumizi, na hilo ndo tangazo la getini. Kila kiwanja kilichopimwa kimekaa kwenye mchoro wa mipango miji, mchoro unasema hapa makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa eneo la wazi, na hati yako inarudia hivyo hivyo, ukiisoma utaona imeandikwa kundi la matumizi, makazi ni kundi A. Ukitaka kuhama kutoka matumizi yaliyoandikwa huwezi kujiamulia usiku ukaamka asubuhi na tofali. Unaomba halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, unatangaza ili majirani waseme, maafisa wanakuja kuangalia, faili linaingia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ambayo humo wamo madiwani, halafu linapanda kwa watu wa wizara ya ardhi ndo wanaidhinisha. Likipita, hati ya zamani inarudishwa, inatoka mpya yenye matumizi mapya na pango la ardhi jipya, na pango la biashara sio sawa na la makazi, hilo wengi wanalijua ndo maana hawaombi.

La pili ni kibali cha ujenzi. Hapo ndo inaingia michoro ya msanifu na mhandisi, umbali wa jengo kutoka kwenye mpaka, zimamoto, bwana afya na karo lake. Mtu anaweza kupewa mabadiliko ya matumizi na bado akakataliwa ghorofa ya tatu. La tatu ni mpaka, kwamba kaingia kwako nusu mita, hiyo sio kazi ya kamati, inaanzia baraza la kata ambalo tangu sheria ilipobadilishwa 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha tu, mkishindwana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa mleta uzi umeuliza uzito. Afisa akiisoma ile karatasi yenu anatafuta kitu kimoja, je hiki kinachokuja kitaubebesha mtaa mzigo ambao mtaa hauna uwezo nao. Karo na kisima, ndiyo. Njia, kwamba gari la zimamoto au la kunyonya maji taka haliwezi kufika nyuma, ndiyo. Magari yatakaa wapi. Maji ya mvua yatatoka wapi akishamwaga zege kiwanja kizima, hili watu wanalisahau na ndo linaloleta ugomvi mkubwa kuliko yote mvua za masika zikianza. Jengo kukata mwanga na hewa ya nyumba ya chini. Hayo yote yanapimika. Kuhusu wapangaji ni kina nani, wameoa hawajaoa, wanazika hawaziki, hapo afisa anageuza ukurasa. Na bei ya kiwanja chako sana sana inapanda, kwa sababu mtaa ukishapata ghorofa moja kila mwenye kiwanja anaanza kupiga hesabu zake kimya kimya.

Mtu mmoja anaruhusiwa kabisa kupeleka lake. Barua yenye hoja moja iliyoshiba, weka namba ya kiwanja chako na kitalu ili wakuone kwenye mchoro, chora hata kwa mkono kisima kilipo na umbali mpaka ukutani. Hiyo inasomwa kuliko sahihi mia.

Korosho Ghafi
Mkuu Ramani hayo ni ya vitabuni. Hapa bongo mwenye hela anajenga.

Ramani Mezani
Mara nyingine anajenga kweli, sitabisha. Ila Dar mwaka 2013 ghorofa lilianguka katikati ya mji likaua watu 36, na Kariakoo tena Novemba 2024, na kila likianguka cha kwanza kinachotafutwa ni faili. Kuwe na barua yenu humo ndani.

Fundi Mchundo
Nichangie kwenye karo maana ndo kazi yangu. Shangani juu mchanga, ukichimba kidogo unakutana na mawe ya matumbawe, na matumbawe yana matundu na nyufa, maji hayachujwi yanapita tu kama yapo kwenye bomba. Ndo maana huko mtu anakuambia shimo langu halijajaa miaka kumi na anajisifia, halijajaa kwa sababu linavujia kwa jirani. Mwongozo unaotumika sana ni kisima kikae mita 30 kutoka shimo la choo, na kwa viwanja vya mjini hiyo mita 30 huipati hata ukisimama kona na kona.

Kwa hiyo Pweza usiandike tu "karo litafurika", andika unataka kuona mchoro wa mfumo wa maji taka, tanki ni la ukubwa gani kwa watu wangapi, ni la kuziba kabisa au lina shimo la kunywea, yaani la maji kuzama ardhini, na hilo shimo la kunywea liko upande gani. Mtu wa nyumba ya familia anachimba shimo moja anaweka mfuniko basi, lakini watu wengi kwenye vyumba vinavyojitegemea, kila chumba na bafu lake, wanaoga asubuhi wote kwa pamoja, hayo maji ni ya kuhesabu. Unaweza kumwambia ahamishie barabarani, tanki lizibwe chini na pembeni liwe la kunyonywa na gari, na karo lisiguse upande wako. Mwenye hela ya ghorofa tatu ana hela ya tanki. Na hicho kisima chako, kwa kweli, kunywa ya bomba ndugu yangu, hata bila hilo ghorofa majirani wote mna mashimo.

Pweza Mkavu
Hapa sasa ndo nimepata. Kisima natumia kufulia na bustani, ila kipindi bomba linakata tunachemsha tunakunywa.

Mmwera wa Minnesota
Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mtu wa Nachingwea niko Marekani huku jimbo la Minnesota, na nilivyosoma huu uzi nikaona kumbe dunia nzima ugomvi ni mmoja. Huku kila mji umegawanywa kwa kanda, kanda ya nyumba za familia moja, ya apatimenti, ya biashara, na ukitaka kujenga kitu ambacho masharti ya kanda hayaruhusu, labda umesogea karibu na mpaka au umezidi urefu, unaomba ruhusa ya pekee, wanaiita variansi. Majirani wa karibu wanatumiwa barua, kuna kikao cha wazi, unasimama unajieleza, na majirani nao wanasimama. Kwenye kikao ndo vituko. Mtu analia kabisa kuhusu kivuli kwenye nyanya zake.

Ila sharti la hiyo variansi huwa ni kwamba shida iwe ya kiwanja chenyewe, kiwanja kina umbo baya, kina mteremko, sio kwamba unataka hela zaidi. Ukitaka kubadili matumizi kabisa kama huyo jirani wa Pweza, huo ni mlango mwingine, unaomba kanda yenyewe ibadilishwe.

Historia yake nayo haina tofauti na ya mzee wa Mikindani hapo juu. Mwaka 1917 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikataza miji kugawa mitaa kwa rangi, kesi ilitoka Louisville. Watu hawakuacha, wakahamia kwenye ukubwa wa viwanja na kukataza apatimenti, maana maskini na weusi ndo walikuwa wapangaji. Mwaka 1926 kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, mahakama hiyo hiyo ikabariki mfumo wa kanda, na jaji aliyeandika hukumu akasema apatimenti kwenye mtaa wa nyumba za familia mara nyingi ni kupe tu anayenyonya uzuri wa mtaa. Kupe! Soma ile karatasi ya Shangani halafu soma hukumu ya 1926.

Mji wa Minneapolis hapa karibu yangu baraza lao lilipitisha mpango mwishoni mwa 2018 kwamba kwenye mitaa ya familia moja mtu anaruhusiwa kuweka mpaka familia tatu bila kuomba ruhusa maalumu. Wapinzani wakakimbilia mahakamani, na cha ajabu walitumia sheria ya mazingira, kesi ikazunguka miaka mpaka bunge la jimbo likaja kuingilia 2024. Kwa hiyo hata hiyo hoja ya karo muwe waangalifu, huku mazingira ndo koti ambalo kila asiyetaka jirani analivaa.

Fundi Mchundo
Mkuu wa Minnesota nyie mna mabomba ya maji taka chini ya kila barabara. Sisi hilo koti ndo ngozi yenyewe.

Mmwera wa Minnesota
😂 Nimekubali, nimesalimu amri.

Mama Fremu
Kwa hiyo mmeshatugeuza sisi wabaguzi. Mtu anajitahidi kulinda mtaa wake anaambiwa kupe.

Mchanga wa Msimbati
Kupe ni mpangaji mama, soma vizuri.

Lindi Kwetu
Mimi nataka niwape ya kwetu huku Lindi, mtaa siutaji. Mtu mmoja aliomba kubadili matumizi ajenge nyumba ya wageni, akafuata utaratibu wote, akabandika tangazo kama hilo, wazee wakakataa kwamba gesti italeta uchafu karibu na madrasa, na kwa kweli hoja ilikuwa na watu wengi nyuma yake, ikapita, jamaa akakataliwa. Tulifurahi tukanywa chai kwa mwenyekiti. Jamaa akakaa kimya, kiwanja akakikodisha, aliyekodi hakuomba kwa mtu yeyote wala hakubandika kitu, akaleta malori mabovu mawili, akawasha jenereta na mashine ya kuchomea, gereji mpaka leo. Oili inatiririka mpaka mlangoni kwa hao wazee. Ukienda kulalamika unaambiwa lete malalamiko kwa maandishi, ukipeleka unaambiwa mtaalamu yuko safari.

Yaani aliyekuja na karatasi mkononi ndo tuliyempiga, aliyepita dirishani yupo. Sijui niseme nini, mimi siku hizi nikiona mtu kabandika tangazo namheshimu hata kabla sijalisoma.

Korosho Ghafi
Lakini hiyo si ndo inaonyesha ukimruhusu mmoja wanakuja wote?

Lindi Kwetu
Tulimkataa mkuu. HATUKUMRUHUSU. Soma tena.

Kijana wa Chuo
Naomba kuuliza swali la kijinga. Huo mtaa wa Shangani zile fremu za vocha, saluni, duka la dawa, na ile nyumba ina mashine ya kusaga, zote zimebadilishiwa matumizi?

Mchanga wa Msimbati
Hahahaha swali la kijinga kweli hilo.

Ramani Mezani
Hakuna swali la kijinga. Fremu ukutani ni matumizi ya biashara ndani ya kiwanja cha makazi, na utaratibu wake ni ule ule niliouandika. Kiutendaji huwa zinaachwa kwa sababu ni ndogo na watu wanaishi nazo. Ila kisheria hati inayosema makazi haijui habari za saluni.

Mama Fremu
Nilijua tu mtafika huku. Fremu yangu inalipa leseni ya biashara, kodi natoa, na inasomesha watoto, na haina ghorofa tatu. Kuna tofauti ya kujikimu na kufanya mtaa kitega uchumi.

Kijana wa Chuo
Mama yangu sikukutaja.

Mzee wa Mikindani
Jina lake ndo limemtaja.

Pweza Mkavu
Jamani tusimshambulie mama, huyo ni jirani yangu na nikikosa chumvi naenda kwake. Ila ukweli tuuseme, mtaani kwetu ukitembea kutoka kona mpaka kona utahesabu milango ya biashara mingi kuliko mageti. Nyingi zilitobolewa kipindi kile cha gesi, mnakumbuka, 2011, 2012, 2013, kila mtu alijua Mtwara inakuwa Dubai, wageni wanakuja, mtu anavunja ukuta wa sebule anaweka fremu, mwingine anageuza mabanda ya uani yanakuwa lodge na kiyoyozi juu. Bomba likakamilika 2015 gesi ikaenda zake Dar, zile lodge zikabaki na mapazia. Hakuna aliyebandika tangazo kipindi kile. Hata moja mimi sikuiona.

Korosho Ghafi
Kwa hiyo unamtetea?

Pweza Mkavu
Simtetei, nataka tanki lake lizibwe chini. Hivyo ni vitu viwili.

Ngazi za Mtanda
Nimepita kuuliza tu, hicho kiwanja kipo umbali gani na bahari? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kama kipo humo mbona kazi imeisha.

Pweza Mkavu
Kipo juu huku, bahari tunaisikia tu. Kingekuwa humo hata nyumba yangu ingekuwa humo.

Mchanga wa Msimbati
Hivi mwenye kiwanja mmewahi kuongea naye hata mara moja au mnaandikiana kupitia geti?

Pweza Mkavu
Hilo nalo neno. Ngoja.

Pweza Mkavu
Wakuu mrejesho, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Jumamosi nilimfuata saiti, tukakaa kwenye matofali akanionyesha michoro kwenye simu. Ni mtu wa Newala, korosho zimemkubali misimu miwili akaamua hela aitie kwenye nyumba badala ya gari (hapo nilimheshimu kidogo). Hana habari na kumchungulia mtu, ananiambia mimi nataka wafanyakazi wa hospitali ya kanda kule Mitengo na wanafunzi wanaolipa kwa muhula, sitaki kelele kuliko nyie. Nikamuuliza karo liko wapi, akanyoosha kidole ukutani kwangu kabisa. Sio kwa ubaya, mchoraji alichora hivyo kwa sababu huko ndo nyuma, na nyuma ndo watu wote wanaweka choo. Hakuwa anajua kwamba upande wa pili kuna kisima. Angejuaje, ukuta mrefu.

Nikampa maneno ya Fundi Mchundo, tanki la kuziba, lihamie upande wa barabarani gari lifike. Akasema itamgharimu ila atamwambia mchoraji abadilishe, na madirisha ya upande wa uani kwetu ya ghorofa ya juu atayapandisha yawe ya hewa tu. Mimi sikumuamini kwa mdomo, jana yake nilikuwa nimeshaandika barua yangu, nikamsomea, nikamwambia naipeleka kama ilivyo ili mabadiliko yakae kwenye faili. Akasema peleka. Nimeipeleka masijala, wamenigongea muhuri kwenye nakala, nakala ninayo. Nimeandika sipingi makazi ya watu wengi, napinga mahali pa karo na naomba mfumo wa maji ya mvua uonyeshwe, nikaweka namba ya kiwanja changu na mchoro wa mkono kama mkuu Ramani alivyosema.

Sasa ile karatasi ya mtaa. Mwenyekiti naye katika kupitapita kasikia habari ya namba za viwanja (sijui nani wa mtaani anasoma humu, namshuku mtu), akasema kweli, ili iwe na nguvu kila aliyesaini aandike namba ya kiwanja na kitalu na matumizi yaliyomo kwenye hati yake pembeni ya jina. Karatasi ilirudi kuzunguka upya. Kuanzia kwenye duka la dawa kwenda kule chini watu wakaanza kukumbuka kwamba walisaini bila kusoma. Mwingine hati iko kwa mtoto Dodoma. Mwingine hata mambo ya jirani hayamhusu. Mpaka jana usiku yalibaki majina manne, na mawili ni ya nyumba moja.

Ramani Mezani
😂😂 Sikukusudia hivyo kabisa. Namba ya kiwanja ni ili muonekane kwenye mchoro, hakuna afisa atakayekuja na futi kupima saluni kwa sababu umesaini pingamizi.

Pweza Mkavu
Najua, na wewe unajua. Waambie wao.

Mama Fremu
Mimi jina langu lipo. Na namba ya kiwanja nimeandika, matumizi nimeandika makazi, na fremu ipo waje waione. Pingamizi langu ni pikipiki na maegesho, nimelitenganisha, nimeandika mwenyewe barua yangu. Msidhani wote tunaogopa.

Mzee wa Mikindani
Mwanangu hapo nakuvulia kofia, bila utani.

Fundi Mchundo
Maegesho ni hoja nzuri mama, muulize kwenye mchoro kaweka nafasi ngapi, wengi wanajaza jengo kiwanja kizima halafu magari yanalala barabarani.

Korosho Ghafi
Mimi bado nasema mngekataa. Lakini sawa, mtaa sio wangu.

Lindi Kwetu
Pweza kamati inakaa lini? Na ukipata majibu ya maandishi yaweke hapa, maana huku kwetu tuna mwingine anataka kupandisha juu na wazee wameshaanza kutafuta kalamu.

Pweza Mkavu
Hawajaniambia tarehe, wamesema nitaitwa nikihitajika na wataalamu watapita saiti kwanza. Nitaleta.

Kijana wa Chuo
Kaka Pweza, samahani, huyo jamaa wa Newala alitaja vyumba vitakuwa bei gani kwa muhula? Naulizia na wenzangu wawili.

Pweza Mkavu
Mdogo wangu jengo halina hata msingi. Ila nilimuuliza hilo hilo kwa ajili ya mpwa wangu anayeanza mwakani, akasema bado anapiga hesabu ya tanki.

Mama Fremu
Chumba cha chini upande wa barabara kiwekeni pembeni, binti wa dada yangu kapangiwa kazi hospitali Mitengo.